Tiba ya Sindano za Kichina na Mwendo wa Wazee Sana

Katika mikutano mikuu ya vyama vya msingi, Handeni na Korogwe kama kwingineko, kuna viti ambavyo huwa vitupu kwa sababu moja. Mwenye kiti hajafa, wala hajajitoa chamani. Yu nyumbani, ameketi mlangoni, magoti yamemkataa. Huyu aghalabu ni mwanachama wa siku nyingi, aliyelima mahindi kwa jembe la mkono au aliyekata mkonge akiwa ameinama mchana kutwa. Sasa ana miaka 85, au 90, na njia fupi ya kutoka kwake hadi ghala la chama imekuwa safari.

Mzee wa namna hii akikosa mwendo, hupoteza zaidi ya mwendo. Chama cha ushirika humpa kila mwanachama kura moja, lakini kura hupigwa na aliyefika. Mazao yake hupimwa mbele ya macho ya mtu mwingine. Malipo yake huchukuliwa na mkono wa mtu mwingine. Na nyumbani, kila anapougulia usiku, watoto na wajukuu huanza kushauriana ni mbuzi yupi auzwe ili atafutiwe tiba.

Miongoni mwa tiba zinazotajwa katika mashauri hayo ni ile iitwayo tiba ya sindano za Kichina, au akupancha. Wapo waisifuo ya kuwa huwainua waliolala, na wapo waidharauo ya kuwa ni mazingaombwe. Makala haya yaeleza tiba hiyo ni nini, imeonekana kufaa kwa kiasi gani katika maumivu sugu, na kama yaweza kumrudishia mzee sana uwezo wa kutembea. Kufahamu hayo kwafaa kabla mbuzi hajauzwa.

SINDANO ISIYO NA DAWA

Kwanza yapasa kuondoa utata wa neno lenyewe. Mwananchi akisema amechomwa sindano, hueleweka ya kuwa ametiwa dawa mwilini kwa bomba. Sindano ya Kichina haina bomba wala tundu, na haina dawa ndani yake. Ni uzi mwembamba wa chuma, ambao unene wake aghalabu ni kama robo ya milimita. Mtaalamu huichoma katika ngozi na nyama mahali palipochaguliwa, kisha huiacha hapo kwa muda wa dakika 20 au 30. Sindano zaweza kuwa chache au zikapita 10 kwa mara moja. Mgonjwa huhisi kama kufinywa, uzito au ganzi kidogo. Wataalamu wengine huziunganisha sindano hizo na umeme hafifu wa betri.

Wazee wa Uzigua na Usambaa hawatashangaa sana kusikia ya kuwa ngozi huguswa ili maumivu ya ndani yapungue. Kuchanja chale na kuumika kwa pembe ni mambo wanayoyafahamu tangu utotoni. Lakini tofauti ipo. Chale hukata ngozi na hupakwa dawa, na kuumika huvuta damu. Sindano ya Kichina haikusudiwi kutoa damu wala kuingiza kitu. Kwa hiyo mtu anayechanja kwa wembe, au anayedunga dawa asiyoitaja jina, hafanyi tiba hii hata akiiita hivyo.

ILIVYOFIKA AFRIKA MASHARIKI

Utaalamu huu una umri wa zaidi ya miaka 2,000 huko China. Waganga wa kale walieleza ya kuwa mwilini kuna nguvu ipitayo katika njia maalumu, na ya kuwa maumivu huja njia hizo zinapozibana. Sayansi ya leo haijaziona njia hizo ikiupasua mwili, lakini hilo halikuzuia tiba yenyewe kupimwa kwa matokeo yake.

Katika nchi hii tiba hiyo ilikuja pamoja na madaktari wa China. Kikundi cha kwanza kilifika Zanzibar mwaka 1964, kikitoka jimbo la Jiangsu. Tanzania Bara ilianza kupokea vikundi kutoka jimbo la Shandong mwaka 1968. Madaktari hao walikuwa wapasuaji, wataalamu wa macho, wa wanawake na wa watoto, na baadhi yao walikuwa wataalamu wa sindano. Hivyo Watanzania wengi waliifahamu tiba hii ndani ya hospitali za serikali.

Katika nchi za Magharibi sifa zake zilienea baadaye kidogo. Mwaka 1971 mwandishi wa habari wa Marekani, James Reston, alipasuliwa kidole tumbo mjini Beijing, na baada ya upasuaji akatiwa sindano hizo kupunguza usumbufu wa tumbo. Alipoandika habari zake katika gazeti la New York Times, watu wengi wa huko walianza kuuliza habari za tiba hiyo. Tangu hapo vyuo vikuu vilianza kuipima kwa hesabu badala ya sifa.

MAUMIVU HUPUNGUZWAJE

Mwili una dawa zake wenyewe za kutuliza maumivu, zinazotengenezwa katika ubongo na uti wa mgongo. Dawa hizo huitwa endorfini, na hufanya kazi kwa namna inayofanana na mofini ya hospitalini. Katika miaka ya 1970 wachunguzi mbalimbali, miongoni mwao Profesa Han Jisheng wa Beijing na Bruce Pomeranz wa Toronto, Kanada, walionyesha ya kuwa kuchoma sindano kwaweza kuuamsha mwili utoe vitulizo hivyo. Walipotumia dawa inayozuia kazi ya mofini, nguvu ya sindano nayo ilipungua.

Zaidi ya hayo, kuna nguvu ya matumaini na ya kuhudumiwa. Mzee aliyekaa miezi bila kuguswa wala kuulizwa habari zake, akilazwa kitandani nusu saa na mtu anayemsikiliza, hupata nafuu fulani hata kabla sindano haijaingia. Nafuu hiyo si uongo, maana mgonjwa anaisikia kweli. Lakini hapana budi itenganishwe na kazi ya sindano yenyewe, ama sivyo mtu hatajua anacholipia.

VIPIMO VIMEONYESHA NINI

Ili kutenganisha mambo hayo mawili, wachunguzi huwagawa wagonjwa kwa kura katika mafungu. Fungu moja hupata sindano za kweli. Fungu jingine hupata sindano za kuigiza, yaani zinazochomwa juu juu mahali pasipo penyewe, au zisizopenya kabisa. Fungu la tatu huendelea na tiba ya kawaida.

Uchunguzi mmoja mkubwa wa namna hiyo ulifanywa Ujerumani kwa wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2007. Baada ya miezi sita, katika kila watu 100 waliopata sindano za kweli, 48 hivi walikuwa na nafuu ya kutosha. Katika kila 100 waliopata sindano za kuigiza, walikuwa 44. Katika kila 100 waliopata dawa na mazoezi ya kawaida, walikuwa 27. Hesabu hizo zasema mambo mawili kwa pamoja. Kwamba tiba ya sindano iliwafaa watu wengi kuliko tiba ya kawaida, na kwamba sehemu kubwa ya kufaa huko haikutokana na mahali hasa sindano ilipochomwa.

Kwa maumivu ya goti, matokeo yamevutana. Huko Marekani mwaka 2004 ilitangazwa ya kuwa wagonjwa 570 wenye magoti yaliyochakaa walichunguzwa kwa majuma 26, na waliochomwa sindano za kweli walipata nafuu zaidi katika maumivu na katika kazi za goti. Lakini Australia mwaka 2014, watu 282 wenye miaka 50 na zaidi walipimwa, na sindano za kweli hazikuzishinda za kuigiza. Mwaka 2018 ulitangazwa mkusanyo wa uchunguzi 39 wenye wagonjwa 20,827. Mkusanyo huo ulionyesha ya kuwa sindano za kweli huzishinda za kuigiza kidogo tu, na huishinda hali ya kutopata tiba hiyo kwa kiasi kikubwa zaidi.

Kwa wazee wenyewe, habari yenye uzito ni ile ya Marekani iliyotangazwa mwaka 2025. Watu 800 wenye miaka 65 na zaidi, wote wakiwa na maumivu sugu ya kiuno, waligawanywa katika mafungu. Waliopata sindano pamoja na tiba yao ya kawaida walizifanya kazi zao za kila siku kwa unafuu kuliko waliobaki na tiba ya kawaida peke yake. Nafuu hiyo ilikuwa ya kadiri, si ya kushangaza.

Kwa sababu ya matokeo ya namna hii, mashauri ya wakubwa wa tiba nayo hutofautiana kwa kila ugonjwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, limeitaja tiba ya sindano miongoni mwa zile zinazoweza kutolewa, kwa masharti. Nchini Uingereza, mwongozo wa mwaka 2022 kwa hospitali za umma umeshauri isitolewe kwa magoti na nyonga zilizochakaa. Basi mwanachama akiulizwa kama tiba ya sindano yafaa, jibu la haki ni kuuliza kwanza mgonjwa anaumwa wapi na kwa sababu gani.

MAUMIVU NA MWENDO NI MAMBO MAWILI

Hapa ndipo penye kosa linalowagharimu watu fedha nyingi. Hudhaniwa ya kuwa mzee hatembei kwa sababu anaumwa, na kwamba maumivu yakiondoka atainuka. Kwa kijana aliyeteguka mguu ndivyo ilivyo. Kwa mtu wa miaka 88 sivyo.

Mzee akiumwa goti hupunguza kutembea. Akipunguza kutembea, misuli ya mapaja husinyaa. Misuli ikisinyaa, goti hukosa wa kulishikilia, nalo huuma zaidi. Kisha huanguka mara moja, akaingiwa na hofu, na tangu siku hiyo hukaa. Mzunguko huu ukiendelea miezi kadhaa, hata maumivu yakiondolewa yote kwa siku moja, miguu haitakuwa na nguvu ya kumbeba. Sindano haijengi misuli. Wala kidonge hakijengi misuli.

Kinachoijenga ni kazi, na jambo la furaha ni kwamba umri hauizuii. Mwaka 1990 huko Boston, Marekani, ulitangazwa uchunguzi wa wazee 10 waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Kwa majuma manane walifundishwa kuinua uzito kwa miguu, na uzito ukaongezwa kidogo kidogo. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka zaidi ya maradufu, na mwendo wao ukawa mwepesi zaidi. Mwaka 2014 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa zaidi wa watu 1,635 wenye miaka 70 hadi 89. Nusu yao walitembea na kufanya mazoezi kwa utaratibu kwa zaidi ya miaka miwili, na nusu walipewa mafunzo ya afya tu. Katika kila 100 waliofanya mazoezi, 30 walifikia hali ya kushindwa kutembea mita 400. Katika kila 100 waliofundishwa tu, walikuwa 35 au 36. Tofauti hiyo ni ndogo kwa hesabu, lakini kwa hao watano ni tofauti ya kwenda kwa jirani au kuletewa jirani.

Kwa hiyo mahali pa tiba ya sindano pajulikane. Ikimfaa mzee, humfungulia muda ambamo maumivu yamepungua. Muda huo autumie kuinuka na kutembea. Akiutumia kulala, sindano zitakapokwisha atakuwa pale pale alipokuwa, na mbuzi hayupo.

MAUMIVU YASIYONGOJA SINDANO

Si kila maumivu ya uzeeni ni uchakavu wa viungo. Yapo ambayo kuyatuliza bila kuyachunguza ni kumwangamiza mgonjwa. Mzee apelekwe hospitali kwanza, kabla ya tiba yoyote ya sindano, akionekana na dalili hizi:

Ameanguka, na tangu hapo hawezi kuukanyagia mguu, au mguu umekuwa mfupi na kupinda nje. Huenda mfupa wa nyonga umevunjika.

Anaumwa mgongo, anakonda, anapata homa au jasho la usiku. Kifua kikuu huweza kuingia katika uti wa mgongo bila kikohozi chochote.

Ni mwanamume mzee mwenye maumivu ya mgongo au nyonga yanayozidi usiku, naye anapata taabu kukojoa. Saratani ya tezi dume huweza kusambaa mifupani.

Miguu imekufa ganzi ghafla au imelegea, au haja humtoka bila kujijua. Hili ni jambo la siku hiyo hiyo, si la kungoja gulio lipite.

Kiungo kimoja kimevimba, kina moto na chekundu, pamoja na homa.

Tena wapo wazee wasiotembea kwa sababu nyingine kabisa. Mmoja ana mtoto wa jicho, haoni njia. Mwingine ana upungufu wa damu. Mwingine ana matende, ugonjwa unaojulikana sana katika Mkoa wa Tanga. Hao sindano haitawapa mwendo, bali ugonjwa wao una tiba yake au uangalizi wake.

USALAMA WA SINDANO YENYEWE

Ikifanywa na mtaalamu aliyesoma, tiba hii haina madhara makubwa kwa kawaida. Mwaka 2001 huko Uingereza ilitangazwa hesabu ya matibabu 34,407 ya sindano, na hakuna hata moja lililoleta madhara mazito. Yaliyoonekana ni kuvuja damu kidogo, alama ya kuvilia, kizunguzungu na uchovu. Lakini usalama huo ni wa mahali penye mafunzo na usafi. Mahali pasipo hayo, hatari ni za kweli.

Ya kwanza ni sindano iliyotumika kwa mwingine. Sindano ya namna hiyo yaweza kueneza homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Kila sindano itoke katika pakiti yake iliyofungwa, ifunguliwe mbele ya mgonjwa au ndugu yake, na itupwe katika chombo cha vitu vyenye ncha mara baada ya kutumika. Mtaalamu asiyekubali kuonyesha pakiti asikubaliwe kuchoma.

Ya pili ni kuchoma kwa kina kifuani au juu ya mabega, ambako mapafu yako karibu. Mzee aliyekonda ana nyama chache, na kosa dogo laweza kutoboa pafu. Ya tatu ni mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, ambaye lazima aseme mapema. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asitiwe sindano za umeme. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi aangaliwe sana, maana kidonda kidogo cha mguu chaweza kuwa kikubwa. Na kila mzee atibiwe akiwa amelala, asiwe ameketi, kwa kuwa wengine hupata kizunguzungu.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili watoa tiba hizo nchini. Tiba ya sindano ni tiba mbadala. Basi si utovu wa adabu kumwuliza mtoa tiba cheti cha usajili wake, kama vile mnunuzi wa mazao anavyoulizwa kibali.

VIDONGE VYA DUKANI

Sababu moja kubwa ya kuifikiria tiba ya sindano kwa wazee ni hatari ya vidonge vinavyotumiwa ovyo. Diklofenaki na ibuprofeni hununuliwa madukani kama njugu. Kwa mtu wa miaka 80 dawa hizo, zikitumiwa siku nyingi mfululizo, zaweza kutoboa tumbo likavuja damu, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Hatari huzidi mzee anapomeza aina mbili zenye kazi moja kwa kuwa majina yao ni tofauti. Choo cheusi kama lami ni dalili ya damu tumboni, na mgonjwa apelekwe hospitali upesi.

Ikiwa sindano zitamwezesha mzee kupunguza vidonge hivyo, hiyo ni faida hata kama maumivu hayakuisha yote. Lakini dawa za shinikizo la damu, kisukari au moyo zisiachwe kwa sababu ya tiba ya sindano.

HESABU YA MZEE WA CHANIKA

Tuseme mzee anakaa Chanika, mjini Handeni, ana miaka 88, anaumwa kiuno na magoti kwa miaka mingi, na haonekani na dalili zile za hatari. Jamaa zake wafanye hesabu kama wanavyoifanya kwa pembejeo: gharama yote, na mavuno yanayotazamiwa.

Tiba ya sindano si ya siku moja. Bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, ilipoanza mwaka 2020 kulipia tiba hii kwa maumivu sugu ya kiuno, iliruhusu mara 12 katika siku 90, na mara nyingine nane kwa yule tu aliyeonekana kupata nafuu. Asiyepata nafuu husimamishwa. Kanuni hiyo yafaa kuigwa hata na asiye na bima. Jamaa wakubaliane na mtaalamu mapema idadi ya mara za kujaribu, na alama ya kupimia, kwa mfano mzee aweze kufika chooni bila kushikwa, au alale usiku bila kuamka kwa maumivu. Zikifika mara hizo bila mabadiliko, tiba iachwe bila aibu.

Kisha ihesabiwe nauli. Kutoka Handeni hadi Korogwe ni kilomita zipatazo 65, na kwenda Tanga ni mbali zaidi. Mzee mwenye kiuno kibovu akisafirishwa mara 12 kwenda na kurudi, pamoja na mtu wa kumsindikiza, safari yenyewe yaweza kumwumiza kuliko sindano inavyomponya. Kwa hiyo aanzie karibu. Hospitali ya wilaya imchunguze na iseme chanzo cha maumivu. Hapo aulizie mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na kama tiba ya sindano hutolewa na mtu aliyesajiliwa mahali panapofikika. Ikibidi, apewe barua ya kwenda hospitali ya Magunga mjini Korogwe au ya Bombo mjini Tanga. Ikiwa mahali pa sindano ni mbali mno, mzee asihuzunike ya kuwa amekosa uponyaji. Sehemu kubwa ya kazi ya kurudisha mwendo hufanyika nyumbani kwake, bila nauli.

MAZOEZI YA NYUMBANI

Mzee aketi kwenye kiti imara kisicho chini sana, kilichoegemezwa ukutani. Ainuke asimame, kisha aketi polepole. Afanye hivyo mara tano, asubuhi, mchana na jioni. Akishindwa bila mikono, ajisaidie kwa mikono, au kiti kiongezwe mto. Baada ya siku kadhaa mara tano ziwe nane, kisha 10.

Ashike mwimo wa mlango, ainue visigino asimame kwa vidole vya miguu, ashuke. Mara 10.

Atembee kutoka mlangoni hadi mwembeni, mtu akiwa kando yake. Juma linalofuata apite mwembe hatua chache. Haba na haba hujaza kibaba.

Maumivu yakizidi kidogo wakati wa zoezi si kitu, mradi yatulie saa chache baadaye. Yakidumu hadi kesho yake, zoezi lipunguzwe, lisiachwe. Kifua kikibana au pumzi ikikata, aache na apelekwe kwa mganga.

Mkongojo nao una kipimo. Mzee asimame wima, mkono ukining'inia. Kichwa cha mkongojo kifike kwenye kifundo cha mkono. Na aushike kwa mkono wa upande wa pili wa mguu mbovu. Goti la kulia likiuma, mkongojo uwe mkono wa kushoto. Wengi huushika upande ule ule unaouma, nao hawapati msaada wake wote.

Chakula kisisahauliwe. Misuli hujengwa kwa maharage, kunde, mayai, maziwa na dagaa. Mzee anayepewa uji mtupu kwa kuwa hana meno, hata akifanya mazoezi hatapata nguvu. Dagaa husagwa, na maharage hupondwa.

KAZI YA CHAMA

Chama si hospitali, lakini katibu ana daftari la wanachama, na daftari hilo hueleza mengi. Mwanachama mzee aliyehudhuria kila mwaka, kisha akakosa mikutano miwili mfululizo, aulizwe hali yake. Mjumbe wa jirani aende kumwona.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na zaidi, na utaratibu wa serikali ni kwamba wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Wengi hukosa haki hiyo kwa kuwa hawajaandikishwa. Katibu aweza kumsaidia mwanachama kupata barua ya ofisi ya kijiji au mtaa na kuipeleka kwa ofisa wa ustawi wa jamii. Barua hiyo yaweza kumwokoa mbuzi aliyekuwa auzwe.

Mahali pa mkutano na pa kupimia mazao pawe na benchi lenye kiegemeo, kivuli, na njia isiyo na ngazi za kuteleza. Mkutano uanze saa iliyotangazwa, maana kiuno kibovu hakivumilii kungoja saa tatu. Panapowezekana, wazee wapimiwe mazao yao kwanza, wenyewe wakitazama.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Ili wazee wawepo, hapana budi wafike. Sindano za Kichina zaweza kuwasaidia baadhi yao kwa kuwapunguzia maumivu, zikichomwa na aliyejifunza na kusajiliwa, kwa ugonjwa uliokwisha kuchunguzwa, na kwa idadi ya mara iliyokubaliwa. Hatua zenyewe, kutoka mlangoni hadi mwembeni, na kutoka mwembeni hadi ghala la chama, hapana budi mzee azipige mwenyewe, na mtu wa karibu akiwa kando yake.